Maparachichi yalivyoniokoa darasani

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Moshi walinibana: mwalimu, kamera gani inaweza kunasa molekuli ikivunjika? Hakuna. Nikakwama wiki nzima.

Jumamosi nikanunua maparachichi Kiboriloni (mabichi, maana yaliyoiva yangechafua ua). Nikayaangusha mojamoja toka kimo kilekile, kila moja picha moja tu, nikichelewa kidogo zaidi kila mara. Kuzipanga picha, anguko zima hilo!

Ndivyo alivyofanya Mmisri Ahmed Zewail, Nobel ya Kemia 1999: mpigo wa kwanza wa leza unaanzisha kuvunjika kwa molekuli, wa pili unachungulia. Kuchelewesha je? Sogeza kioo kinachoakisi mpigo wa pili maikromita 15 nyuma (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Mwanga unakwenda na kurudi, maikromita 30 zaidi, yaani unachelewa femtosekunde 100 (femtosekunde ni sekunde moja ikigawanywa kwa milioni bilioni). Molekuli ya iodini sianidi huvunjika kwa takriban femtosekunde 200.

"Kumbe saa yenyewe ni kioo?"

Ndiyo.