Mnyama wa Mtuka: dinosaria wa kwetu na kitabu tulichochora wenyewe

Kitabu cha kwanza cha dinosaria kiliingia nyumbani kwetu mwaka jana, nilikinunua pale Posta kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini, jalada limechanika na kurasa mbili hazipo. Mwanangu alikuwa na miaka minne, anapenda picha za wanyama, nikaona huyu ni mnyama ambaye hajawahi kumwona popote basi nikachukua. Toka siku ile kila usiku ni hicho hicho tu, mama soma pale pa meno, mama rudia pale pa meno.

Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza kwahiyo mi napitisha macho halafu namsimulia kwa Kiswahili, na ukisimulia hivyo unaangalia sana picha, ndo nikaanza kuona kitu. Kila anayechimba mifupa kwenye zile picha ni mzungu wa kofia pana, yuko jangwani Marekani. Binti wa dada yangu ana miaka saba, anakaa kwetu kwa ajili ya shule, siku hiyo alikuwa amelala pembeni tunadhani hasikilizi, akauliza, "Mamdogo, kwani huku kwetu hawakuwepo?"

Nilikaa kimya kidogo. Maana babu yangu mzaa mama ni mtu wa Lindi, nimekua nasikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule ambaye mpaka bungeni wameshamjadili kwamba arudishwe kutoka Ujerumani, na miezi yote ile nimeshika kitabu cha dinosaria mkononi sikumkumbuka hata mara moja! Neno lenyewe nadhani limenipoteza. Ukisema mjusi mtoto anaona yule wa ukutani anayekula mbu, na mimi mtu mzima kichwani nilikuwa na picha hiyo hiyo.

Basi usiku uliofuata kitabu kikakaa kabatini, nikawasimulia ya Tendaguru kwa mdomo. Ni kilima, bara ya Lindi, na jina lenyewe ni la Kimwera, lugha ya Wamwera wa hukohuko Lindi, maana yake kilima chenye mteremko mkali. Mwaka 1906 injinia mmoja wa Kijerumani alikutana na mifupa mikubwa pale, ikatoka taarifa, na kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta watu wake kuchimba. Sasa hapa ndo watoto walikaa kitako: waliochimba hasa ni watu wa kulekule kusini, ilifika wakati wako kama 500, na mifupa ikishatoka inafungwa vizuri, mingine wanaizungushia mianzi isivunjike, halafu inabebwa kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, kama kilomita 60, siku tatu nne njiani kwa miguu. Zaidi ya tani 200 zilitoka hivyo. Mwanangu hajui tani ni nini, nikamwambia tembo wakubwa zaidi ya thelathini, kila mtu abebe kipande. Akauliza walikuwa wanakula nini njiani. Swali zuri sana hilo, na hakuna kitabu cha picha nilichowahi kukiona kinachojibu.

Na kuna mtu anaitwa Boheti bin Amrani. Huyu ndo alikuwa msimamizi wa wachimbaji na fundi wa kusafisha mifupa, Wajerumani walimtegemea kweli. Ilibidi ifike 2007 ndo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Karibu miaka mia! Nilipowaambia kwamba kuna dinosaria anaitwa kwa jina la Boheti walicheka kwa furaha, yaani jina kama la babu wa jirani liko ndani ya jina la dinosaria. Kuna mwingine kapewa jina 2019, Wamweracaudia, hilo limetokana na Wamwera. Nikampigia mama yangu kumwambia, akanyamaza kwenye simu halafu akasema nirudie.

Yule mjusi wa bungeni, mkubwa aliyesimamishwa Berlin, ni Giraffatitan, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, kwahiyo kama ghorofa nne hivi, na ndo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani. Alisimamishwa 1937. Mimi naumia nikisema hivi, lakini mtoto wa Berlin anaenda kumwona Jumamosi na mtoto wa Lindi anamwona kwenye simu ya mjomba ake kama ina bando.

Baada ya hapo nikanunua daftari kubwa la kuchorea na rangi, tukaanza kitabu chetu. Na kilichonishangaza kuliko vyote ni majina. Vitabu vya nje majina ni magumu, mtoto anayameza tu bila kujua maana, sasa kuna dinosaria wa Songwe mifupa yake ilionekana kwenye kingo za mto Mtuka, anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Soma tena taratibu. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia! Ni jina la kisayansi kabisa, limetolewa 2019, na hiyo moyo wa mkia ni kwasababu pingili moja ya mkia ina umbo la moyo kama ule wa kuchora. Mwanangu alilisoma mwenyewe kwa silabi na akaelewa bila mtu kumwelezea. Yupo pia Shingopana, wa hukohuko Songwe, 2017, shingo pana tu basi, na mifupa yake ina vitobo vya wadudu waliokula baada ya yeye kufa, ukurasa huo binti kachora wadudu wengi mpaka shingo yenyewe haionekani. Kwa Tendaguru tulimweka Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani, huyo ndo kipenzi.

Kitu kigumu kwa watoto ni muda. Wanachanganya, T. rex, yule mla nyama wa Marekani, anapigana na Kentrosaurus, na vitabu vingine vinachangia maana vinawaweka wote ukurasa mmoja chini ya mti mmoja. Nikawatoa nje, nikasema kila hatua ni miaka milioni moja. Tukatoka getini tukihesabu, hatua ya 66 tukasimama, hapa ndo T. rex wa mwisho anaishia, tukaendelea, tukavuka mtaro, 150 ikatukuta mbele ya duka la Mangi, nikawaambia Kentrosaurus wetu yuko hapa. Tukageuka kuangalia. T. rex yuko karibu na geti letu kuliko alivyo karibu na Mangi. Kwenye hatua moja ya kwanza pale getini, binadamu wote tunaenea na nafasi inabaki. Sikuongeza maelezo, waliona wenyewe, na sasa wakienda kununua mkate wanasema wanaenda kwa Kentrosaurus.

Kuchimba tunachimba nyuma ya nyumba. Mifupa ya kuku nachemsha, naianika juani siku mbili, nafukia kwenye mchanga ndani ya beseni, wao wanatoa kwa brashi ya rangi taratibu na kuchora kila mfupa ulivyolala kabla ya kuuinua. Hilo la kuchora kwanza ni la lazima, wachimbaji wa kweli wanafanya hivyo, maana mfupa ukishatoka mahali pake huwezi tena kujua ulilalaje. Na kuku hakuchaguliwa tu kwasababu yupo jikoni, ndege wametokana na dinosaria, angalia mguu wa kuku ule wenye magamba na kucha halafu uangalie picha ya dinosaria wa miguu miwili, utaona. Nimewafundisha pia kwamba wakikuta kisukuku cha kweli, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, porini au mtoni hawakichukui, wanapiga picha na kumwambia mtu mzima aripoti, kwasababu kuchimba mabaki ya kale kunahitaji kibali na ni mali ya nchi. Mwanangu anaichukulia hiyo sheria kwa uzito mno.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, cha Kiingereza kitafaa ukikisimulia kwa Kiswahili, angalia tu picha za mifupa ziwepo na siyo za kutisha peke yake, na ukipata chochote kinachomhusu Mary Anning chukua. Yule alikuwa binti wa pwani ya Uingereza, mji mdogo wa Lyme Regis, amezaliwa 1799, anaokota visukuku kwenye majabali na kuuza ili nyumbani wale, anatembea na mbwa wake. Binti yetu alimpenda mara moja. Kwenye daftari kamchora kasimama pembeni ya Boheti, kila mmoja na nyundo yake, najua hawakuishi wakati mmoja lakini nimeuacha ukurasa ule.

Sasa hivi tuko kwenye wabebaji. Mwanangu anataka wawe mia tano kweli, anawachora msururu kutoka kilimani mpaka baharini, kila mmoja na mfupa kichwani, kafika arobaini na kitu na penseli ya kahawia imebaki kipande kidogo tu, kesho nikitoka kazini napitia dukani.