Usiku wa 100 Mbili

Kijana anayejifunza kazi kwetu aliniuliza wiki hii kwa nini skripti yetu ya kusasisha seva haimalizi kwa 1 kila inaposhindwa. Alizungumzia namba ambayo kila programu huiacha inapomaliza ili kueleza matokeo yake, ambapo chochote kisicho 0 huhesabiwa kuwa ni kushindwa. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali lake lilinirudisha kwenye usiku ule tulipoanza kuchanganya mashine za Fedora na zile za Debian, mifumo miwili tofauti ya Linux.

Skripti ya awali ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya Debian pekee: ikipokea 100, ipige kengele. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi, kwa sababu apt-get, programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi vya programu, hurudisha 0 mambo yakienda sawa na 100 yakikwama. Mara tu mashine mpya zilipoingia, kengele zikaanza kulia mfululizo kwa seva ambazo hazikuwa na ubovu wowote.

Nilifungua madirisha mawili ya terminali, moja kando ya jingine. Kushoto, kwenye Debian, apt-get ilikataa kuendelea kwa kuwa mchakato mwingine ulikuwa umeshikilia kufuli la vifurushi, linalozuia programu mbili kuvibadilisha kwa wakati mmoja. Nikaandika echo $?, amri inayoonyesha namba iliyoachwa na amri iliyotangulia, ikaja 100. Kulia, kwenye Fedora, dnf check-update, amri ya kutafuta masasisho, ilipanga kwa utulivu orodha ya vifurushi vinavyosubiri kusasishwa, bila kosa hata moja. Nikaandika echo $?, ikaja 100 vilevile. Mwenzangu wa zamu aliinama, akasoma upande wa kushoto, akasoma wa kulia, kisha akarudi kushoto. "Ndugu yangu," akasema, "namba hii haisemi kitu mpaka ujue nani ameitoa."

Tuliyoyafanya baadaye yalikwenda haraka. Tulikubaliana kwamba skripti isipitishe namba za programu nyingine jinsi zilivyo, bali izisome kwanza, kisha itoe namba yake yenyewe inayomwambia mpokeaji afanye nini. Kufuli likishikiliwa, itoe 75, ambayo katika desturi iliyotokana na BSD, mfumo wa jamii ya Unix, ni hitilafu ya muda, hivyo kipanga kazi, yaani programu inayoiendesha skripti kwa ratiba, kijaribu tena baadaye. Faili la mipangilio likiwa na kosa, itoe 78, na hapo asijaribu mtu wala mashine mpaka faili lirekebishwe. Hii ndiyo sababu 1 peke yake haitoshi: haitofautishi linalohitaji subira na linalohitaji binadamu. Tuliziacha 126 na 127, ambazo sheli, programu inayopokea amri zetu, hutumia amri isipoweza kuendeshwa au isipoonekana, pamoja na zile zinazozidi 128, kwa kuwa 137, kwa mfano, humaanisha mchakato umeuawa kwa ishara ya 9 (128 kujumlisha 9), ile ya kuusimamisha kwa nguvu. Wazo la kurudisha idadi ya vifurushi vilivyoshindwa tulilikataa palepale. Namba hizi huishia 255, na 256 ingegeuka kuwa 0, yaani mafanikio.

Tulichobishania hadi alfajiri ni seva iliyosasishwa vizuri lakini inahitaji kuwashwa upya. Mwenzangu alitaka 0 pamoja na faili la alama, kama Debian inavyofanya kwa /var/run/reboot-required. Mimi nilitaka 102, namba ambayo zypper, programu ya vifurushi ya openSUSE (Linux nyingine), huitumia kwa jambo hilohilo, kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba keneli mpya (kiini cha mfumo) isiyoanza kutumika haijamlinda mtu yeyote. Tukaichukua 102, tukaiorodhesha kwenye SuccessExitStatus, mpangilio wa namba zinazohesabiwa kuwa mafanikio, ili systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, isiihesabu kuwa kosa.

Ndipo akauliza: je, keneli ikisasishwa na kifurushi kingine kikashindwa katika mzunguko uleule, namba ipi itangulie? Tuliamua kosa litangulie, na skripti bado inafanya hivyo. Hata hivyo, mashine ya namna hiyo hutoa taarifa ya kosa na kunyamaza kuhusu kuwashwa upya, na kila ninapofikiria kuongeza namba ya tatu kwa hali hizo mbili zikikutana, naona jedwali likirefuka kupita kiasi ambacho mtu wa zamu anaweza kukikumbuka usiku.