Jinsi nilivyorudi kwenye World of Warcraft bila kuiba usingizi

Kwa miezi mingi nilikuwa naamka nimechoka. Kikundi changu cha World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kupambana kwa timu, kilivamia ngome za maadui usiku nne kwa wiki, na gemu ya aina hii haina kitufe cha kusimamisha: mtoto akilia katikati ya pambano, wenzako wanakufa.

Nilidhani dawa ni kuacha. Kumbe nilikuwa nimechagua ngazi ya ugumu isiyonifaa. Ngazi ya Mythic, iliyo ngumu kuliko zote, hudai watu 20 kamili, hivyo ukikosa wewe, wote wanakwama. Ngazi za chini yake, Normal na Heroic, hupokea watu 10 hadi 30, na nguvu za maadui hupanda au kushuka kulingana na idadi yenu. Nikahamia kikundi cha Heroic kinachocheza Jumatano tu, kwa muda wa saa mbili. Nilipojiunga niliwaambia wazi: nina familia, saa nne usiku naondoka. Wakanielewa, kwani wengi wao wako hivyohivyo.

Jambo la pili ni mzunguko wa wiki. Bosi, yaani adui mkuu ndani ya ngome, akiuawa hubaki amekufa mpaka seva ianze wiki mpya, kwa hiyo hakuna haja ya kumaliza ngome usiku mmoja. Kazi ndogondogo za kila siku ndani ya gemu nimeziacha kabisa. Ndizo zilizokuwa zikila muda wangu mwingi kuliko mapambano yenyewe.

Mke wangu ameiandika Jumatano kwenye kalenda ya jikoni. Alhamisi jioni ni zamu yangu ya kulaza watoto, na sijaikosa hata mara moja.