Mndimu Uliohama Nasi

Binti yangu kauliza mbona mndimu wetu una miiba michache, ilhali ule alioupanda yeye kwa mbegu haujamfika hata magotini na unachoma kama umetumwa. Nikamjibu juu juu: huu haukuanzia kwenye mbegu, ulikatwa ukiwa mtu mzima tayari. Akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki namkumbuka Bibi, enzi za utoto wangu.

Tulishapewa notisi ya kuhama. Mjomba alikuwa anapima makabati, Mama hasemi na mtu, na Bibi yuko bustanini na kisu cha jikoni. Alichagua tawi la unene wa penseli, la upande uliokwisha kuzaa. Akazungusha kisu juu, akazungusha tena chini, kama sentimita 3 hivi kati yake, kisha akalivua gome lote la hapo katikati. Harufu ya ndimu ikanipanda puani. Ndani palikuwa peupe, panang'aa.

"Gusa."

Nikagusa. Kidole kikateleza.

"Huo utelezi ndio mchawi. Ukiuacha, gome litarudi kuungana, na mizizi hutaiona." Akakigeuza kisu, akapakwangua kwa mgongo wake, taratibu, huku akipapuliza, mpaka pakawa pakavu. Akanishika mkono nijaribu tena. Safari hii palikwaruza.

Nikakaa nasubiri majani yanyauke. Wapi! Maji hupanda kwa ndani ya mti, hayana habari na gome. Chakula kinachotengenezwa na majani ndicho hushukia kwenye gome. Kikifika kidondani kinakwama, na hapo juu yake ndipo mizizi huchomoza. Hayo niliyasoma ukubwani. Bibi alisema tu, "Likikosa njia ya kwa mama, litajitafutia."

Akapafunga kwa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, uliolowekwa ukakamuliwa, juu yake nailoni, kamba huku na huku. Mndimu huchukua kama wiki 6 hadi 10, joto likiwepo. Mizizi ilipojaa kwenye nailoni, akakata chini ya fundo, akapunguza majani kwa kuwa mizizi michanga haiwezi kuyanywesha yote, akaupanda kwenye ndoo iliyotoboka. Ukapanda gari pamoja na makabati.

Mti wenyewe ulikatwa baada yetu. Nilipompa Bibi pole alinishangaa: "Pole ya nini? Si huyu hapa?" Nikimwita huyu mtoto wa ule, alikuwa akikasirika. Mpaka leo sijui niuhesabie umri tangu lini.

Mjomba naye hakuupenda. Mti wa tawi hauna mzizi mkuu, alisema, upepo utaulaza. Bibi akauchomekea vijiti vya kuegemea. Ikaja mvua moja ukalala kweli, tukauinua, tukaufunga upya, na mwaka uleule ukazaa. Mjomba husimulia ulivyoanguka. Bibi alikuwa akimwachia amalize, kisha anamuuliza ndimu anazokamulia samaki wake anazitoa wapi.