Pingili ya Muhogo na Jeni Zilizolala

Juzi nilifukua taratibu pingili moja kati ya zile nilizopanda shambani wiki mbili zilizopita. Pale nilipokata kwa panga, na kuzunguka vifundo vilivyofukiwa, ilikuwa imechomoza mizizi myeupe, myembamba kama uzi. Nimeliona jambo hilo tangu utotoni, lakini safari hii nilichuchumaa hapo kwa muda nikijiuliza: seli zilizokuwa za shina zimejuaje kutengeneza mzizi?

Zilikuwa na maelekezo hayo tangu mwanzo. Karibu kila seli hai ya muhogo imebeba jeni (vipande vya maelekezo ya kurithi) za jani, za shina na za mzizi, kama ambavyo karibu kila seli ya mwili wetu imerithi nakala kamili ya vinasaba vya lile yai moja lililorutubishwa. Seli ya kongosho inayotengeneza insulini inayo pia jeni ya himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, ila imezimwa. Kinachoiwasha jeni moja na kuinyamazisha nyingine ni protini zinazojishikiza kwenye DNA, yaani molekuli iliyobeba jeni hizo, zikiitikia ishara za kemikali zinazotoka kwa seli jirani tangu siku za kiinitete.

Zamani wanasayansi wengi walishuku kwamba seli ikishapata kazi yake hupoteza jeni isizozitumia. Mwaka 1962, John Gurdon wa Oxford alieleza jinsi alivyotoa kiini, yaani sehemu ya seli inayohifadhi jeni, katika seli ya utumbo wa kiluwiluwi na kukipandikiza ndani ya yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeuawa kwa mionzi. Mayai mengi yaliharibika, lakini machache yalikua yakawa viluwiluwi vizima. Kwangu hakuna jaribio la biolojia linalopendeza kuliko hili, kwa kuwa utumbo ulidhihirika kuwa bado umehifadhi habari za jicho, moyo na mkia. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi, huko Japani, walizirudisha seli za ngozi ya panya kwenye hali ya uchanga, ambamo seli inaweza tena kuwa ya aina nyingine, kwa kutumia jeni nne tu, na mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Chembe nyekundu ya damu, hata hivyo, haina marejeo. Ikiwa bado ndani ya uboho hukitupa nje kiini chake pamoja na jeni zote zilizomo, ikabaki imejaa himoglobini, kisha huzunguka mwilini kwa takriban siku 120 bila kuweza kugawanyika tena.