Usimwambie mdogo wako awe anawasha gari kila wiki

Mara ya kwanza nilivyopata kazi ya mradi Pemba, miezi nane, kitu nilichowaza usiku sio nguo wala nyumba, ni gari. Toyota Raum yangu ya 2004, injini yake aina ya 1NZ, mkopo wake wa ofisini nilikuwa nimeumaliza hata miezi mitatu haijapita, na kuivusha kwa meli ukipiga hesabu bora upande bodaboda miezi yote nane. Basi nikaipeleka kwa mama Kigamboni. Nikapaki chini ya mwembe maana pana kivuli, nikakaza handbreki mpaka mwisho, nikafunika lile turubai la bluu la nailoni nikalikaza na kamba, funguo nikampa mdogo wangu nikamwambia we kazi yako moja tu, kila jumamosi washa iungurume dakika tano, zima. Nikaondoka najiona mtu makini kweli kweli.

Katika hayo yote jambo la maana nililofanya ni kuipeleka kwa mama tu. Mengine yote nimekuja kuyalipia.

Nianze na hilo la kuwasha maana ndo watu wengi tunalifanya na tunalisifia. Gari ikipiga stata inakula umeme mwingi sana kwa mpigo mmoja, afu ikiwa inaunguruma taratibu alteneta, ile inayochaji betri, nayo inazunguka taratibu, hizo dakika tano hazirudishi kilicholiwa. Kwahiyo kila jumamosi mdogo wangu alikuwa anaikopa betri bila kuilipa. Na sio betri peke yake. Petroli ikiungua inatoa maji, ndo yale unayaona asubuhi yanadondoka kwenye ekzosi, gari ikitembea safari ya kueleweka yanakauka kwa moto, ikiunguruma dakika tano yanabaki mule mule ndani ya ekzosi yanailea kutu. Mengine pamoja na petroli ambayo haijaungua vizuri yanashukia kwenye oili. Ukiweza kuitembeza gari nusu saa barabarani mpaka ichemke kabisa, itembeze, hiyo ni dawa. Huwezi, basi iache ilale. Hii ya kuiamsha dakika tano na kuilaza tena ni mateso.

Wiki ya tisa ikagoma. Dogo akakaa kimya, nikaja kujua niliporudi (na nilijua pia kwamba redio ilikuwa inasikilizwa siku za mechi, ila hilo ni la kifamilia). Betri iliyokaa miezi ikiwa imeisha chaji haiamki tena ivi ivi, zile sahani za risasi mule ndani zinashika kama chumvi ngumu, unachaji inakubali jioni, asubuhi imekufa. Nikanunua mpya.

Handbreki nayo. Raum nyuma ina breki za ngoma, brekishuu zikakaa zimebana ngoma miezi nane kwenye upepo wa chumvi wa Kigamboni, zikagandana. Gari unaweka D inainama kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Fundi akavua tairi akagonga ngoma na nyundo taratibu kuizunguka mpaka ikaachia. Chini ya turubai rangi imechubuka maana upepo ulikuwa unalisugua na mchanga kila siku, na unyevu wa masika nzima umefungiwa ndani, chini ya milango kutu imeshaanza. Maembe sijayataja. Embe bichi likidondoka kutoka juu kule linaacha bonde kwenye boneti. Mabonde mawili, bado ninayo.

Ila kilichonitoa jasho ni mfuniko wa oili. Fundi mmoja wa pale mtaani, sio wangu, akaufungua kwa chini kuna kitu kizito cheupe-njano kama mtindi. Akanionesha anatikisa kichwa kama daktari. "Dada, hedi gasketi imekwenda, maji yanaingia kwenye oili, hapa lazima tupasue injini." Akataja laki nne na nusu. Nilikaa kwenye ngazi za mama nikaishiwa maneno. Nikampigia fundi wangu wa siku zote, akaja jioni, akachomoa kijiti cha oili akakiangalia, oili yenyewe safi. Akaangalia rejeta, kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, iko pale pale ilipokuwa. Akawasha, moshi mweupe hamna. Akasema huu ni unyevu tu, mvuke unapanda unagandia kwenye mfuniko kwa sababu injini ilikuwa inawashwa haipati moto. Mwaga oili, afu twende safari. Tukatoka mpaka Kongowe na kurudi, siku mbili mfululizo, ule mtindi ukaisha. Laki nne na nusu yangu ikabaki mfukoni, ikaenda kwenye betri na waya, maana panya pia alikuwa ameshapita.

Sasa mkataba ulivyorudi mara ya pili, safari hii miezi kumi na tatu, nikasema haki ya nani sirudii.

Kwanza oili nilimwaga kabla ya kuondoka, sio baada ya kurudi. Fundi aliniona kama naharibu hela, gari inaenda kulala unaiwekea oili mpya ya nini. Lakini oili iliyotumika imebeba uchafu wa moto, ina asidi na maji, ukiiacha mwaka mzima inakaa inalamba vyuma vya ndani. Bora ilale na oili safi. Na hapo hapo niseme hili hata kwa asiye na mpango wa kupaki gari, hii 1NZ na filta yake mpya inakula lita 3.7. Madukani dumu ni lita 4. Mafundi wengi wanamimina dumu zima wanakupa mfuniko uone kwamba hawajakuibia. Mwambie amimine kidogo kidogo, asubiri ishuke, apime na kijiti. Hiyo inayobaki beba kwenye buti itakusaidia siku ya kuongezea. Na habari ya "gari kuukuu inataka oili nzito" nimeisikia sana, mimi natumia oili nyepesi, 5W-30, kama kitabu cha Toyota kinavyosema na gari haijalalamika.

Kulanti nilihakikisha ni kulanti kweli na sio maji ya bomba. Najua tunavyosema, Dar hakuna barafu ya kugandisha rejeta, kulanti ya nini. Ya kuzuia kutu. Maji ya bomba, tena ya kisima cha Kigamboni yenye chumvi yake, yakikaa mwaka bila kuzunguka yanatafuna rejeta na pampu ya maji polepole. Breki oili pia nilibadilisha kwa sababu ilishapita miaka miwili, ile kitu inavuta unyevu kutoka hewani yenyewe, afu maji yakishaingia mule yanaozesha silinda za breki kwa ndani.

Tanki nikajaza full, likijaa hewa inakuwa ndogo na unyevu hauna pa kukaa. Gari nikaiosha mpaka chini, nikaikausha juani siku nzima. Ndani nikafagia kila chembe, maana mimi ni mtu wa karanga na korosho kwenye foleni, na panya hana haja na waya wako kama hajaitwa na korosho.

Kuhusu panya nilijipanga kivita. Mdomo wa hewa ya injini na ekzosi nikaziba na stilwaya, zile za kusugulia masufuria, panya hapendi kuzitafuna. Lakini sikia, ukiziba kitu lazima ujiandikie. Mi nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani na karatasi imeandikwa ZIBUA EKZOSI NA MDOMO WA HEWA, maana baada ya mwaka utakumbuka nini. Mama akaongeza paka. Yule paka ndo sevisi bora niliyopata na ilikuwa ya bure.

Betri nikaichomoa kabisa. Spana namba kumi, anza na hasi, ile nyeusi, kwa sababu ukianza na chanya spana ikagusa bodi ya gari cheche zake utazisimulia. Kurudisha ni kinyume, hasi mwisho. Nikaiweka stoo kwa mama, nikamwachia dogo chaja na mita ndogo ya Kariakoo, kila baada ya miezi miwili apime anitumie picha. Betri iliyotulia masaa kadhaa ikisoma volti 12.6 kwenda juu imejaa, 12.2 iko nusu, ikikaribia 12 usiiache hata siku moja. Mama alinigombeza kuiweka chini sakafuni, eti saruji inanyonya chaji. Hiyo ni ya betri za zamani sana, hizi za boksi la plastiki haziathiriki, ila nikaweka kipande cha ubao yaishe, sibishani na mama kwa jambo la ubao.

Kitu sikuambiwa ni redio. Hizi gari zetu za kutoka Japani nyingine ukichomoa betri redio inajifunga, inaandika maneno ya Kijapani inaomba namba. Yangu ilifanya hivyo. Kama na wewe unaipenda redio yako ulizia kwanza.

Tairi nilizijaza zaidi ya ule upepo wa kibandiko cha mlangoni, ila chini ya kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi yenyewe, kwa sababu zinapungua zenyewe na gari ikilalia sehemu moja inatengeneza bapa. Dogo alikuwa anaisukuma nusu mzunguko kila anapopima betri. Watu wengine wanapandisha gari juu ya matofali. Naomba sana usifanye, tofali la saruji likibeba uzito sehemu moja linapasuka bila taarifa, na pale kwa mama watoto wa jirani wanatafuta mipira uvunguni kila siku. Kama unataka kuipandisha nunua stendi za chuma. Handbreki nikaiachia, gia P, mawe mbele na nyuma ya tairi (siku ya kuisukuma unavitoa kwanza). Kava la kitambaa linalopumua, chini ya kibaraza cha bati, mbali na mwembe. Kuku walijaribu kulifanya kitanda wiki ya kwanza, mama akawahamisha.

Zamani kulikuwa na kero nyingine, gari ikikaa ndani road laisensi inaendelea kudai mwaka hadi mwaka, mtu ana gari bovu limeota majani na deni juu. Hiyo ilifutwa 2017, ikahamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, kwahiyo gari iliyolala haidaiwi. Bima ndo usisahau. Yangu iliisha katikati nikaiacha, lakini niliikata upya kwanza kabla gari haijatoka getini.

Nimerudi mwezi uliopita. Kabla ya kuwasha nikaangalia chini kama kuna kilichovuja, nikapima oili, nikazibua vya kuzibua (kitambaa chekundu, nakwambia), nikarudisha betri. Afu fundi wangu akachomoa rilei ya pampu ya mafuta, kile kiswichi kinachoipa pampu umeme, akapiga stata kidogo kidogo mara tatu bila injini kuwaka, ili oili ipande juu kwanza, maana mwaka mzima yote imeshuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na vyuma vya juu viko vikavu. Akarudisha rilei. Ikawaka mara ya kwanza! Mama alipiga kigelegele kama harusi. Hatukuikanyagia, tuliiacha itulie tukatoka taratibu, breki za mbele zikakwaruza mita mia za kwanza, ile ni kutu ya juu juu ya diski inasuguliwa, ikanyamaza.

Usukani ulikuwa unatetemeka kidogo, fundi akasema tembea kwanza tairi zipate moto bapa litatoka. Mbele zimetulia. Za nyuma hapana, na nilivyoinama kusoma zile namba nne za ubavuni nikakuta 1916, yaani wiki ya 19 mwaka 2016, na ubavu wake una nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Kwahiyo hizo mbili hazina cha kubembelezwa. Nimeshaenda Ilala kuulizia bei, nasubiri mshahara, na mpaka hapo Raum inaishia kwenda sokoni na kurudi, haivuki daraja la Kigamboni.