Kosa lilipohama silinda

Taa ya injini ikimetameta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo uegeshe: petroli isiyoungua huingia kwenye bomba la moshi na kuichoma kataliti, kifaa kinachosafisha moshi, na bei yake utalia. Yangu ilianza kumeta karibu na feri ya Likoni, gari likitetemeka. Nikamwita fundi. Akataka nibadilishe plagi, koili zote (zinazozipa plagi umeme wa cheche), hadi pampu. Taratibu, kaka!

Skana, kifaa cha kusoma makosa ya gari, ilisoma P0302: silinda ya pili hairushi moto sawasawa. Nikamwomba abadilishane koili ya pili na ya kwanza, afute msimbo huo wa kosa, awashe tena. Ikaja P0301, yaani sasa silinda ya kwanza. Kosa limeifuata koili, basi plagi haina hatia. Nilinunua koili moja tu, mtetemo ukaisha.